Mchoro na Mwili: Filamu za Vibonzo Zinazofaa Kuigizwa Upya na Watu

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni imekuwa desturi ya kampuni kubwa za filamu kuchukua hadithi zilizokwisha kuonyeshwa kwa michoro na kuzitengeneza upya kwa waigizaji. Wanafunzi wetu huzijadili filamu hizo mara kwa mara, na kila mmoja ana orodha yake ya vibonzo ambavyo angependa kuviona vikigeuzwa watu. Orodha hizo karibu zote hutoka ng'ambo. Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, kutafuta kigezo cha kuamulia ni filamu ipi ya vibonzo inafaa kuigizwa na watu na ipi haifai. Pili, kukijaribu kigezo hicho hasa kwa filamu za Kongo, ikiwemo moja iliyozaliwa hapa Lubumbashi. Jambo hili linawahusu wanaisimu pia, maana mara tu mtu anapowekwa mahali pa mchoro, swali la lugha atakayoisema haliepukiki.

1. Mchoro hufanya nini, na mwili hufanya nini

Katika filamu ya vibonzo mwendo hauko mbele ya kamera, huundwa. Picha nyingi zisizotembea hupangwa moja baada ya nyingine, na jicho huzisoma kama mwendo. Sinema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa hiyo filamu ya dakika 10 inahitaji picha 14,400. Na hata mtengenezaji akiitumia kila picha mara mbili ili kupunguza kazi, bado atapanga vitu vyake mara 7,200. Gharama hiyo humfundisha msanii kuacha yote yasiyo ya lazima. Mhusika wa mchoro hubaki na alama chache: kofia, tumbo, namna ya kutembea. Mwigizaji, kinyume chake, huja na kila kitu alicho nacho: umri, makovu, lafudhi, jinsi ya kuketi, na hata aibu yake.

Mifano miwili ya ng'ambo yatosha kuonyesha tofauti hiyo. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka 1994 kwa michoro, ikatengenezwa upya mwaka 2019 kwa kompyuta ili wanyama wafanane na wanyama wa porini. Sauti ya Mufasa katika zote mbili ni ya mtu mmoja, James Earl Jones. Lakini simba anayefanana na simba wa kweli hawezi kutabasamu wala kukunja uso kwa huzuni kama simba wa mchoro, na wahakiki wengi walilalamikia jambo hilo. Sauti ilibaki ile ile, uso ukanyamaza.

Mfano wa pili ni Kirikou et la sorcière ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998. Humo mtoto mchanga yu uchi na wanawake wa kijiji wako vifua wazi, kama maisha ya kijiji hicho yanavyotaka. Ingawa ilikuwa michoro tu, Ocelot alipata shida na baadhi ya wafadhili na wasambazaji waliotaka wanawake wale wafunikwe. Basi, kama mistari ya wino ilileta mzozo, miili ya kweli ingeleta mzozo mkubwa zaidi, na hadithi yenyewe ya mtoto mwenye ujasiri ingesahauliwa.

Kutokana na mifano hiyo twaweza kutoa kigezo chetu. Kabla ya kuigeuza filamu ya vibonzo, tujiulize maswali mawili: mwili utaongeza nini ambacho mchoro haukuweza kukisema? Na utaondoa nini ambacho mchoro ulikilinda?

2. Filamu mbili zisizofaa kuguswa

Tuanze na filamu ya mji wetu. Machini ni filamu fupi ya mwaka 2019, iliyotengenezwa Lubumbashi na Frank Mukunday na Tétshim. Inaeleza maisha ya watu wanaotegemea migodi na viwanda, na jinsi kazi hiyo inavyowala. Watu wake wameundwa kwa mawe yaliyopangwa na kusogezwa hatua kwa hatua, pamoja na michoro.

Mtu angeweza kudhani kwamba filamu ya namna hii ndiyo ya kwanza kufaa kuigizwa, kwa kuwa habari zake ni za kweli na watu wake twaishi nao. Lakini tukiliuliza swali la pili, jibu ni wazi. Katika mji ambao tangu mwaka 1911 umeyeyusha shaba, ambao alama zake ni bomba la moshi na mlima mweusi wa takataka za tanuri, jiwe si chombo cha kuchorea tu. Jiwe ndilo linalochimbwa, ndilo linalouzwa, na katika filamu hiyo ndilo lililokuwa mtu. Ukimwondoa mtu wa jiwe na kumweka mwigizaji aliyevaa kofia ya mgodini, umepata habari za kila siku, lakini umepoteza hoja.

Jina lenyewe la filamu hiyo lina funzo kwa wanaisimu. Msomaji wa Dar es Salaam ataisoma ch ya Machini kama ile ya chai. Mkazi wa Lubumbashi ataisoma kama sh, kwa sababu katika mji wetu Kiswahili huandikwa mara nyingi kwa kufuata mwandiko wa Kifaransa. Neno ni lile lile mashine, lakini mwandiko unamwambia msomaji mahali filamu ilipotoka.

Filamu ya pili ni Kinshasa, septembre noir ya Jean-Michel Kibushi, ya mwaka 1992. Inasimulia uporaji uliotokea Kinshasa mwezi wa Septemba 1991, nayo imejengwa juu ya michoro ya watoto. Uporaji kama huo ulifika Lubumbashi mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na waliouona hawahitaji kuelezwa. Mtoto anayechora askari amebeba friji huiweka hofu yake kwenye karatasi, na kati yake na jambo lile panabaki nafasi. Ukimwomba mtoto mwingine aigize kitendo hicho, akimbie, alie, bunduki zikilia, nafasi hiyo imekwisha. Hapa mchoro ulimlinda aliyechora, unamlinda pia atazamaye. Uachwe ulivyo.

3. Filamu tatu zinazofaa

Kibushi huyo huyo ndiye aliyetengeneza filamu ambayo, kwa maoni yetu, inafaa kuliko zote. Muana Mboka, ya mwaka 1999, ni habari ya mtoto wa mitaani wa Kinshasa anayemwokoa waziri katika ajali ya gari. Hapa hakuna jini wala mnyama asemaye. Kiini cha hadithi ni kukutana kwa watu wawili ambao kwa kawaida hutenganishwa na kioo cha gari. Mchoro waweza kuonyesha kioo. Hauwezi kuonyesha kikamilifu jinsi mtu mzima mwenye cheo anavyobadili sauti anapomhitaji mtoto mchafu, wala jinsi mtoto anavyotazama chini kabla ya kujibu. Mambo hayo ni kazi ya mwili. Tena gharama yake si kubwa: barabara moja, gari moja, waigizaji wachache. Ikihamishiwa Katuba, barabara haikosekani, na mtoto wa mitaani kwa bahati mbaya hakosekani pia.

Ya pili ni Le crapaud chez ses beaux-parents, ya Kibushi pia, ya mwaka 1991, iliyotokana na hadithi ya Watetela. Chura anakwenda kuwazuru wakwe zake. Msomaji atauliza: chura ataigizwaje? Jibu lilikwisha kutolewa jukwaani. Mwaka 1997 Julie Taymor alipoipeleka The Lion King katika tamthilia ya nyimbo, aliwavika baadhi ya waigizaji barakoa zilizokaa juu ya kichwa, uso wa mtu ukionekana chini yake. Mtazamaji alimwona mnyama na mtu kwa wakati mmoja. Fanani wetu wa hadithi hufanya vivyo hivyo bila barakoa: hubadili sauti, huinamisha mgongo, na wasikilizaji wanamwona chura. Zaidi ya hayo, hadithi yenyewe inahusu adabu ya ukwe: jinsi ya kuingia, ya kula, ya kunyamaza. Katika lupango la Katuba, yaani kiwanja chenye nyumba na ua wake, adabu hiyo ingali inafahamika, na kosa dogo la mkwe huchekwa miaka kumi.

Ya tatu yatoka mbali kidogo, lakini maisha yake yako karibu nasi. Aya de Yopougon, ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, ilitoka mwaka 2013 kutokana na kitabu cha picha ambacho juzuu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2005. Inaonyesha wasichana watatu wa Yopougon, mtaa wa watu wa kawaida mjini Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anataka kuwa daktari, wenzake Adjoua na Bintou wana mipango mingine. Nguvu ya hadithi hii ni maneno: masengenyo ya jirani, hasira ya baba, uongo wa mvulana. Maneno hayo hayahitaji kalamu ili yaishi. Yanahitaji waigizaji wanaojua kukatizana.

4. Waigizaji watasema Kiswahili gani?

Hapa twafika kwenye jambo lenye uzito. Mdomo wa mchoro ni wa kila lugha: unafunguka na kufunga, na sauti yoyote yaweza kumiminwa humo. Ndiyo maana vibonzo hutafsiriwa kwa urahisi kuliko filamu nyingine. Mdomo wa mwigizaji una mji wake. Mtoto wa Katuba akipewa Kiswahili cha vitabu vya shule, watazamaji watacheka pasipotakiwa kuchekwa.

Kiswahili cha Lubumbashi si kigeni katika sanaa wala katika utafiti. Edgar Polomé alikiandikia makala mwaka 1968. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha Vienna, mwaka 1981, kazi juu ya Kundi la Mufwankolo, lililoigiza kwa lugha ya mji huu na kujulikana sana kwa redio na televisheni. Johannes Fabian naye alitoa kitabu mwaka 1990 kuhusu mchezo ambao kundi hilo lilitayarisha mwaka 1986 kutokana na methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima. Kwa hiyo waigizaji wa mji huu walikwisha kuthibitisha kwamba batu na bintu, kwa watu na vitu, na bukubwa, kwa ukubwa, yanaweza kubeba hadithi nzito mbele ya hadhira kubwa. Hata ukwe wa yule chura utaitwa hapa bukwe.

Tuichukue tena Muana Mboka, jina ambalo kwa Kilingala lina maana ya mtoto wa nchi. Tukiihamishia Katuba, waziri ataanza kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya cheo chake. Akibanwa ndani ya gari ataita kwa Kiswahili. Mtoto atamjibu kwa kumwita papa, kwa heshima ya umri, au mukubwa, kwa heshima ya cheo. Na mtoto mwenzake mkubwa atamwita yaya. Mama atakayesimama kando ya barabara huenda akaomba Mungu kwa Chiluba. Kila badiliko la lugha litakuwa tendo katika hadithi, na mtazamaji wa Lubumbashi atalielewa bila kuelezwa. Hili ndilo ambalo mwili unaongeza.

Wapo watakaosema kwamba filamu ya namna hiyo haitaeleweka Mombasa wala Unguja. Maandishi ya chini ya picha kwa Kiswahili sanifu yatatosha, kama filamu nyingine zinavyofanya. Kuwalazimisha waigizaji wote waseme lugha moja ili kuwarahisishia watazamaji wa mbali ni kuwarudisha katika hali ya mchoro: midomo inayofunguka bila mji.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu ya vibonzo inafaa kuigizwa na watu pale ambapo kiini chake ni mazungumzo na uhusiano wa watu, na haifai pale ambapo maana imo katika kitu kilichochorewa, au pale ambapo mchoro unamkinga mtu. Kwa kigezo hicho Muana Mboka, hadithi ya Chura na Aya zinafaa. Machini na Kinshasa, septembre noir zibaki zilivyo.

Yabaki masharti mawili. La kwanza ni la sheria: sheria ya Kongo ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi wa filamu, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuigeuza kazi ya mwenzake bila idhini yake. La pili ni la ubinadamu: anayemtafuta mtoto wa kuigiza mtoto wa mitaani asimwokote barabarani asubuhi na kumrudisha barabarani jioni.

Kwa wanafunzi wa idara yetu twapendekeza zoezi lisilohitaji kamera. Wachukue tukio la ajali na waandike majibizano ya waziri na mtoto mara mbili: kwanza kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiswahili cha Katuba. Halafu wasome yote mawili kwa sauti mbele ya watu wa lupango moja, na waandike ni sentensi zipi wasikilizaji walizisahihisha. Masahihisho hayo yatakuwa data nzuri ya isimu, na huenda yakawa pia mwanzo wa hati ya filamu.