Rekoda ya Simu Yaweza Kumfungua Mwanafunzi Ulimi

Mtoto wa Mombasa au Lamu hakosi maneno. Nyumbani huzungumza mpaka akanyamazishwa. Lakini mwambie asimame mbele ya darasa atoe habari ya dakika mbili, atainamisha kichwa. Anachokosa si lugha, ni mazoezi.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa stadi zake saba za msingi. Ujuzi wa kidijitali ni nyingine. Mbili hizi zaweza kufunzwa pamoja, hata pale ambapo vishikwambi vya serikali vimefungiwa kabatini. Simu moja ya mwalimu yatosha, na kurekodi sauti hakuhitaji intaneti.

Wanafunzi wakae makundi ya watano. Kila mmoja aeleze jambo analolijua, kama vile ukili unavyosukwa au samaki anavyopakwa, huku akirekodiwa kwa dakika moja. Kisha kundi lisikilize: sauti ilizama wapi? Alikimbia wapi? Neno gani halikueleweka? Halafu arekodi tena. Akijisikia mwenyewe, hujirekebisha bila kuchekwa. Pia hutambua lini atumie Kimvita au Kiamu chake, na lini atumie Kiswahili sanifu, pasi na kukidharau cha kwao.

Tahadhari moja: sauti hizo zisirushwe WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Somo likiisha, zifutwe.

Wazazi, tuwaulize walimu: wanetu huzungumza lini darasani?