Kabla Hujampiga Picha Mtu Akiwa Kazini

Je, umewahi kupigwa picha ukiwa kazini, umelowa jasho na kanga imechafuka, bila kuulizwa? Ulijisikiaje?

Hapa Misigiri tuko njia panda. Barabara moja inakwenda Kiomboi, nyingine inateremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na Nzega. Huko Sekenke ndiko ulikoanza mgodi wa kwanza wa dhahabu wa nchi yetu, mwaka 1909. Mwaka 1916, vita ilipowabana, Wajerumani walitumia dhahabu ya huko kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Sarafu hiyo ina picha ya tembo. Waliochimba hawamo.

Mpaka leo wachimbaji wadogo wapo, na wanawake wengi hutwanga mawe na kuosha mchanga kwenye mialo.

PICHA NZURI YA UONGO

Nilihitaji picha za kufundishia akina mama kliniki juu ya hatari ya zebaki. Kijana mmoja wa kwaya mwenye simu nzuri akajitolea. Alimkuta mama akichanganya zebaki na mchanga kwenye karai kwa mikono mitupu, mtoto yuko mgongoni. Kijana akamwambia, "Mama, mshushe mtoto, jifute tope, halafu utabasamu."

Picha ilipendeza kweli. Lakini kwangu haikufaa kitu. Nilichotaka kuwaonyesha wenzangu ni ile mikono mitupu na yule mtoto. Mvuke wa zebaki, hasa dhahabu inapochomwa, huingia mapafuni na kudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtoto mchanga na aliye tumboni ndio huumia zaidi.

WALIOTUTANGULIA

Huko Marekani, mwaka 1908, mwalimu aitwaye Lewis Hine alianza kazi ya kupiga picha za watoto walioajiriwa viwandani na migodini. Hakuridhika na picha tupu. Aliandika umri wa mtoto, kazi yake na saa alizofanya. Ili ajue kimo cha mtoto bila kumshtua mwenye kiwanda, alimlinganisha na vifungo vya koti lake mwenyewe. Picha zake ziliwafumbua watu macho, na mwaka 1938 sheria ya taifa ya kuzuia ajira ya watoto ilipitishwa.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, nayo ikaingia katika samaki na kisha katika watu. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1971 mpiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia huko, wakaishi na wagonjwa kwa miaka mitatu. Picha ya mama akimwogesha binti yake aliyeathirika tangu tumboni ilijulikana dunia nzima. Binti alifariki mwaka 1977. Miaka mingi baadaye wazazi walitaka mtoto wao apumzike, na mwaka 1998 Aileen aliwaachia wao uamuzi juu ya picha hiyo.

Hapa tunajifunza kwamba hata picha iliyosaidia wengi ina mwenyewe.

TULIRUDI MWALONI

Basi nilirudi na yule kijana. Safari hii simu ilikaa mfukoni kwanza. Tulimsalimu mama, tukaketi, nikamweleza picha ni ya nini na nani wataiona. Akafikiri, kisha akasema, "Nesi, mikono piga. Uso wangu usipige, wanangu wakubwa wanasoma, watachekwa."

Tukapiga alivyotaka: karai, mikono, na ukingo wa mbeleko yenye mguu mdogo unaoning'inia. Alikuwa wa kwanza kuiona, akakubali. Nilipoionyesha kliniki, akina mama walinyamaza. Mmoja akasema, "Hii mikono ni yangu." Haikuwa yake, lakini nilimwelewa.

Zebaki mama yule bado anaishika, maana ndiyo inayomlisha. Ila mtoto siku hizi humwacha kwa bibi yake. Sijadharau hatua hiyo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Omba ruhusa kwa mwenye kazi, si kwa bosi wake tu. Akikataa, mshukuru uondoke.

2. Usimpange. Mwache afanye kazi kama kawaida, nawe subiri.

3. Piga eneo zima, kisha mikono na chombo cha kazi. Vumbi, moshi na kukosekana kwa glavu navyo vionekane.

4. Andika maelezo siku ileile: kazi gani, wapi, lini. Usiandike jina kama hakuruhusu.

5. Uso wa mtoto anayefanya kazi ya hatari usiusambaze. Kwanza tafuta msaada kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

6. Mrudishie picha yake.

Dada mpendwa, siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Kabla kijana wako hajaelekea kiwandani au mgodini nayo, muulize: huyu unayempiga, wewe ungependa mama yako aonekane hivyo?