Fimbo Ipimwe kwa Pigo Baya

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yalikuwa ya haki siku zile majembe yote yalipofanana, na tofauti ilipokuwa katika mikono na jasho la mwenye shamba. Lakini katika mchezo wa gofu mambo yamegeuka. Fimbo ya kuanzia, ile ndefu kuliko zote, ambayo wachezaji huiita draiva, siku hizi hutengenezwa kwa namna nyingi sana, na iliyo mpya kutoka kiwanda kikubwa huuzwa Marekani kwa kadiri ya dola 500 au 600. Mtu atoaye fedha kama hizo katika mshahara wake hana budi kuchagua, wala haimpasi kuona haya kwa kuchagua. Swali ni moja tu: achague kwa kipimo gani?

Muuzaji anacho kipimo chake. Humwonyesha mnunuzi picha ya bingwa, na humwambia idadi ya yadi ambazo mpira utaongezeka. Mnunuzi naye hupiga mipira michache, mmoja huruka vizuri, na palepale hufungua mkoba. Sisi twasema ya kwamba kipimo hicho si cha haki. Fimbo ya mchezaji wa kawaida yapasa kupimwa kwa pigo lake baya, kwa sababu mapigo mabaya ndiyo mengi, nayo ndiyo yanayomwongezea hesabu.

Mchezaji wa kawaida ni nani? Ni karani, mwalimu, fundi au mwenye duka ambaye hupata nafasi ya kucheza Jumamosi alasiri. Hana mwalimu wa kumfuata kila siku. Mabingwa wa Marekani hupitisha kichwa cha fimbo kwa kasi ya zaidi ya maili 110 kwa saa, na mpira huwakuta karibu na kiini cha uso wa fimbo siku zote. Mchezaji wa kawaida aghalabu hafiki maili 100, na mpira humkuta leo kwenye ncha, kesho kwenye kisigino, keshokutwa chini kabisa. Fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya bingwa humwadhibu mtu huyu kwa kosa dogo la upana wa kidole.

Kazi ya fundi viatu

Zamani vichwa vya draiva vilichongwa kwa mti mgumu wa Marekani uitwao persimmon. Vilikuwa vizuri kutazama, lakini vilikuwa vidogo, na uzito wake ulikuwa umejazana katikati. Aliyepiga nje ya kiini aliona mpira ukienda kando na kuanguka karibu.

Mmoja wa watu waliofikiri sana juu ya jambo hili ni Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, nchi ya Norway, mwaka 1911, akahamia Marekani na wazazi wake angali mtoto. Alifanya kazi ya ufundi viatu kabla ya kuwa mhandisi katika kampuni ya General Electric. Alianza gofu akiwa na umri wa miaka 42, na kama wanaoanza wengi, hakuridhika na fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni. Hakujilaumu peke yake, aliitazama fimbo kwa jicho la fundi. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ambayo uzito wake uliondolewa katikati na kuwekwa kwenye ncha mbili. Kwa sababu ya mlio wake ilipogonga mpira, aliiita Ping, na jina hilo ndilo la kiwanda chake hata leo. Solheim alifariki mwaka 2000, lakini wazo lake limeingia katika karibu kila draiva inayouzwa duniani.

Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade katika jimbo la Illinois, akaleta draiva ya chuma cha pua, iliyo tupu ndani. Mwaka 1991 kampuni ya Callaway ilitoa kichwa cha chuma cha sentimita za ujazo 190, kilichopewa jina la Big Bertha, yaani jina la mzinga wa Wajerumani wa vita vya 1914 hadi 1918. Wakati ule watu walikiona kikubwa mno. Mwaka 1995 kampuni hiyo ikatoa kingine cha madini ya titani, ambayo ni mepesi na yenye nguvu, na kichwa kikazidi kukua. Leo vichwa vingi vimefika sentimita za ujazo 460, maana yake zaidi ya mara mbili ya kile kilichowashangaza watu mwaka 1991.

Mzega na madebe mawili

Je, fimbo husamehe kwa njia gani? Si kwa uchawi. Mtazame mchukuzi wa maji mwenye mzega begani, debe moja mbele na debe moja nyuma. Hawezi kugeuka ghafula, kwa kuwa uzito ulio mbali naye hukataa kuzungushwa. Lakini akiyashusha madebe na kuyakumbatia kifuani, atageuka upesi, ijapokuwa uzito ni uleule. Kichwa cha draiva nacho ni hivyo. Mpira ukigonga ncha, hukisukuma kichwa kizunguke. Kichwa ambacho uzito wake umejazana katikati huzunguka kwa wepesi, uso hugeukia kando, na nguvu nyingi hupotea. Kichwa kikubwa kilicho tupu ndani, ambacho uzito wake umewekwa pembeni na nyuma, ni kama mchukuzi wa mzega: hakikubali kuzungushwa, na mpira huondoka kwa kasi iliyo karibu na ile ya kiini.

Tena yapo maarifa mengine ya zamani. Uso wa draiva haukunyooka kama ubao, umebinuka kidogo. Mchezaji wa mkono wa kulia akipiga kwa ncha, mbinuko huo huupeleka mpira kuanza upande wa kulia. Papo hapo kichwa kinapozunguka huuzungusha mpira kinyume chake, kama gurudumu la meno linavyolizungusha jenzake, na mzunguko huo huurudisha mpira kushoto kuelekea katikati. Akipiga kwa kisigino, mambo huwa kinyume. Ndiyo sababu mpira mbaya mara nyingine huonekana kana kwamba umejutia njia yake ukarudi.

Sheria imeweka mipaka

Hapa pana jambo ambalo kila mnunuzi yafaa alijue. Wakuu wa mchezo huu ni wawili: R&A ya St Andrews, Scotland, na USGA ya Marekani. Wao wamekataza uso wa fimbo kurusha mpira kupita kiasi. Kwa hesabu yao ya asili, mpira ukigonga uso kwa kasi fulani, kasi ya kurudi isizidi sehemu 83 katika 100. Ukubwa wa kichwa usipite sentimita za ujazo 460. Nao ukinzani wa kichwa dhidi ya kuzunguka kutoka kisigino kwenda ncha umewekewa mpaka wa 5,900, kwa kipimo cha gramu zilizozidishwa kwa sentimita za mraba.

Maana yake ni nini? Ni kwamba viwanda vyote vikubwa vimekwisha kufika karibu na ukuta uleule. Pigo la katikati ya kiini, likipigwa kwa fimbo hii au ile, halitatofautiana sana. Tofauti iliyobaki iko nje ya kiini. Basi anayepima fimbo kwa pigo zuri anapima mahali ambapo sheria imekwisha kuzisawazisha fimbo, na anayepima kwa pigo baya anapima mahali ambapo bado zinatofautiana.

Kadhalika tusitishwe na namba. Mwaka 2024 Ping na TaylorMade walitoa draiva walizozitangaza kwa namba 10,000. Wapo waliodhani ya kwamba sheria imevunjwa. La, haikuvunjwa. Namba ile ni jumla ya vipimo viwili: ukinzani wa kisigino na ncha, ambao una mpaka, ukijumlishwa na ukinzani wa juu na chini. Ni maendeleo ya kweli, lakini si mara mbili ya kile kinachoruhusiwa.

Namna ya kupima

Viwanda hupima kwa mashine. Iliyo mashuhuri ilipewa jina la Iron Byron, kwa kuwa iliiga namna ya kupiga ya Byron Nelson, bingwa aliyeshinda mashindano 11 mfululizo mwaka 1945. Mashine yaweza kuamriwa ipige kwa ncha mara mia, na kila mara itatii. Hiyo ni faida kubwa. Walakini mashine haichoki, haiogopi kichaka kilicho kulia, wala haikasirikii mpira uliopita. Kwa hiyo ushahidi wa mashine hautoshi, na mchezaji hana budi kujaribu kwa mikono yake.

Na ajaribu hivi. Achukue fimbo yake ya zamani na ile mpya, na mipira ya aina moja, ile anayoitumia siku zote. Apake uso wa fimbo poda kidogo, ili aone mahali mpira ulipogonga. Apige mipira mitano kwa moja, mitano kwa nyingine, kisha abadili zamu, ili uchovu usiionee fimbo moja. Afanye yote mahali pamoja na siku moja, kwa kuwa mpira huruka mbali zaidi Nairobi, penye hewa nyepesi ya juu, kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Mwenye kulinganisha fimbo ya huku na ya kule amelinganisha hewa. Kisha ahesabu mipira yote. Asiseme, "Ule haukuwa wangu." Ule ulikuwa wake, na Jumamosi utarudi.

Tuchukue mfano. Tuseme fimbo ya kwanza ilipeleka mpira mmoja yadi 245, lakini katika mipira 10, mitatu ilitoka nje ya mipaka ya uwanja. Fimbo ya pili haikupita yadi 235, lakini ulitoka mmoja tu. Katika mashimo 18 mchezaji hutumia draiva mara kama 14. Kwa fimbo ya kwanza atapoteza mipira 4 hivi, kwa ya pili mmoja au zaidi kidogo. Sheria humwongezea aliyetoka nje pigo moja la adhabu, na kumrudisha alikotoka. Gharama yake ni kama mapigo mawili. Tofauti ya fimbo hizi basi ni mapigo 5 au 6. Je, yadi 10 zaweza kuyalipa?

Msamaha wenye mipaka

Walakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Fimbo husamehe mahali mpira ulipogonga. Haisamehi upande ambao uso ulikuwa ukitazama. Mwenye kufungua uso kuelekea kulia ataupeleka mpira kulia, hata fimbo yake iwe na namba gani. Hilo laponywa kwa mazoezi na mafundisho. Tena kila msamaha una bei yake. Uzito ukipelekwa nyuma sana, mpira hupanda juu na kuzunguka zaidi, na mwenye kasi kubwa aweza kupoteza yadi kadha. Mwaka 2007 Nike na Callaway walitengeneza vichwa vya umbo la mraba ili kuongeza ukinzani. Kazi ilikuwa ya akili, lakini wachezaji wengi hawakulipenda umbo hilo, na mlio wa kile cha Nike ulichekwa viwanjani.

Zipo pia njia za kupata msamaha bila fedha nyingi. Draiva za leo huwa na urefu wa inchi 45 na nusu au zaidi, hali zile za mti zilikuwa kama 43. Mpini mfupi kidogo husaidia kukipata kiini. Uso uliolala zaidi, wa digrii 10 na nusu au 12 badala ya 9, hupunguza mpira kupinda kando. Na kwa kuwa mipaka tuliyoitaja iliwekwa kati ya mwaka 1998 na 2006, fimbo iliyotumika ya miaka kadha iliyopita haikuachwa nyuma sana na ya leo. Hili ni neno la faraja kwa vijana wa Afrika Mashariki. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hizi walianza kwa kuchukua mikoba ya wengine, wala hawakungoja fimbo mpya ndipo wajifunze.

Basi, ndugu mchezaji, unapokwenda dukani uwe na subira. Usiulize fimbo hii itafanya nini siku utakapopiga kama bingwa. Siku hiyo fimbo yoyote itakufaa. Uliza itafanya nini siku umechoka, umetoka kazini, na mpira umeukuta kwa ncha. Ikiwa siku hiyo mpira wako umelala katika majani yaliyokatwa na si kichakani, hiyo ndiyo fimbo yako, nawe utakuwa umechagua jembe kama mkulima.