Anamzidi kwa Nini? Mpelelezi wa Riwaya na Mwendesha Kipindi cha Usiku katika Lugha ya Kulinganisha

Utangulizi

Mabishano juu ya vipenzi ni mazungumzo ambayo wasomi aghalabu huyadharau. Abiria wawili wanaosubiri basi katika stendi ya Makambako wakianza kubishana iwapo Bwana Msa ni bora kuliko Willy Gamba, au iwapo mwendesha kipindi fulani wa televisheni anawashinda wenzake, maneno yao huhesabiwa kuwa porojo za kupitishia wakati. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba katika mabishano ya namna hiyo Kiswahili hufanya kazi ya uhakiki, na kwamba sarufi yenyewe humdai mbishi atoe hoja.

Makambako panafaa kuwa mahali pa kuanzia. Ni njia panda, ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na ambapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Mbena, Mhehe, Mkinga na Mngoni wanapokutana hapo, lugha inayowawezesha kubishana ni Kiswahili. Takribani kilomita 60 kusini yake, katika baridi ya Njombe, usiku huanza mapema ndani ya nyumba, na mazungumzo ya karibu na jiko la mkaa hudai mada ndefu. Vipenzi ni mada isiyokwisha.

Wanaolinganishwa

Upande wa wapelelezi, watatu hawaachi kutajwa. Wa kwanza ni Bwana Msa, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Ni mtu wa kiko na mazungumzo, asiye askari. Rafiki yake ni Najum, na polisi huwakilishwa na Inspekta Seif. Ujamaa wake na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle umekwisha kutajwa na wahakiki wengi. Wa pili ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye katika Kufa na Kupona (1974) ni jasusi wa serikali anayefuatilia nyaraka za ukombozi wa Afrika zilizoibwa. Wa tatu ni Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mpelelezi wa kujitegemea ambaye katika Tutarudi na Roho Zetu? (1987) anapambana na maadui kutoka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.

Upande wa pili wamo watu halisi. Nchini Marekani, Johnny Carson aliiendesha The Tonight Show tangu mwaka 1962 hadi 1992, akaacha mfano ulioigwa kote: meza, mgeni, mzaha na swali. Afrika Mashariki ilipata namna yake. Kenya ilimpata Jeff Koinange, aliyewahoji wageni wake katika KTN na baadaye Citizen TV. Tanzania ilikuwa na Jenerali on Monday cha Jenerali Ulimwengu na Hamza Kasongo Hour cha mtangazaji mkongwe Hamza Kasongo.

Itakumbukwa kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo msomaji wa Njombe aliyekutana na Willy Gamba katika miaka ya 1970, au Joram Kiango katika miaka ya 1980, hakuwa na mwendesha kipindi wa kumtazama. Usiku wake ulikuwa wa redio na kitabu. Anayewalinganisha mpelelezi na mwendesha kipindi, basi, mara nyingi hulinganisha pia usiku wa vizazi viwili.

Sarufi ya kulinganisha

Kiswahili hakina kiambishi cha kukifanya kivumishi kiwe cha kulinganisha. Kina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutumia neno kuliko: Njombe kuna baridi kuliko Makambako. Neno hili kwa asili lina viungo vitatu: ku- ya mahali, -li- ambayo ni kitenzi cha kuwa, na -ko ya urejeshi. Maana yake ya asili inahusu mahali kitu kilipo. Ni kana kwamba msemaji husimama alipo huyo wa pili, akampima wa kwanza kutoka huko.

Njia ya pili ni kutumia vitenzi kama kuzidi, kushinda na kupita. Tofauti baina ya njia hizi mbili si ya mtindo tu. Tungo Bwana Msa ni bora kuliko Gamba imekamilika. Msemaji anaweza kunyamaza hapo. Lakini tungo Bwana Msa anamzidi Gamba huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na kihusishi kwa: anamzidi kwa busara, kwa subira, kwa ucheshi. Ichukuliwe kwamba kijana anamwambia mjomba wake, "Mjomba, Gamba anamzidi Msa." Mjomba atauliza, "Anamzidi kwa nini?" Swali hilo lina sura mbili. Linauliza sababu, na wakati huohuo linauliza kipimo: kwa kitu gani? Kijana akijibu "kwa sababu nampenda", hajajibu sura ya pili. Akijibu "kwa wepesi wa vitendo", amekwisha kuingia katika uhakiki, na mjomba ana haki ya kujibu kwamba wepesi wa vitendo si sifa ya kwanza ya mpelelezi.

Kipimo cha pamoja

Je, mtu wa kubuni anaweza kulinganishwa na mtu halisi? Anaweza, ikiwa kipimo cha pamoja kitapatikana, na kipimo hicho ni swali. Kazi ya wote wawili ni kumfanya mtu mwingine aseme asilokusudia kulisema.

Hapa pia sarufi inasaidia. Mpelelezi hupenda swali lenye urejeshi: Ni nani aliyeichukua barua? Swali hili limekwisha kuchukulia kwamba barua ilichukuliwa. Linabakiza jina tu. Ni swali la kufunga. Mwendesha kipindi huhitaji swali la kufungua: Ilikuwaje? Aidha, anapomhoji mzee au kiongozi, hana budi kuchunga heshima. Huanza kwa shikamoo, humwita mzee, mama au mheshimiwa, kisha huomba: "Naomba uwaeleze watazamaji." Katika ombi hilo anayeuliza si kijana aliye mbele ya mzee tena, bali ni watazamaji. Heshima imebaki mahali pake, na swali gumu limeulizwa.

Kwa kipimo hiki, safu za wapinzani hubadilika. Bwana Msa hana cheo wala bunduki. Silaha yake ni mazungumzo. Yu karibu zaidi na mwendesha kipindi kuliko alivyo karibu na Willy Gamba, ambaye mara nyingi hupata jibu kwa nguvu. Tofauti inayobaki ni ya mwisho wa kazi. Riwaya ya upelelezi humwahidi msomaji kwamba jibu litapatikana kabla ya ukurasa wa mwisho. Mwendesha kipindi hawezi kutoa ahadi hiyo: mgeni akikwepa swali, kipindi huisha, na hukumu huachiwa watazamaji.

Neno pendwa

Wahakiki wa Kiswahili wameziita riwaya hizi riwaya pendwa, wakizitenga na riwaya dhati. Kwa sarufi, pendwa inatokana na kitenzi penda katika kauli ya kutendwa: kinachopendwa. Katika matumizi, hata hivyo, neno limegeuka kuwa alama ya udogo, kana kwamba kupendwa ni upungufu. Matokeo yake si madogo. Mwanafunzi wa Njombe anayeambiwa aiweke kando Kufa na Kupona kwa kuwa ni pendwa tu, anafundishwa kwamba mapenzi yake kwa kitabu hayahitaji hoja na hayastahili hoja. Anaondolewa katika uwanja wa uhakiki ambao angeuingia kwa miguu yake mwenyewe. Haidaiwi hapa kwamba riwaya zote ni sawa. Kinachodaiwa ni kwamba tofauti zake zitajwe pamoja na kipimo: riwaya hii inazidiwa na ile kwa ujenzi wa wahusika, au inaizidi kwa msuko.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mabishano juu ya vipenzi huharibika pale yanapokoma kwenye kuliko, na hupata maana pale kwa inapodaiwa. Hilo ni kweli kwa abiria wa Makambako, kwa mwalimu wa fasihi aliye darasani, na kwa mhakiki anayeandika neno pendwa bila kueleza. Kila mmoja wao akisema kwamba huyu anamzidi yule, anawajibika kujibu swali la mjomba.