TRELA SI MKOKOTENI WA PUNDA
Namna ya kurekebisha trela ya shamba ili ivutwe kwa usalama

Wakulima wenzangu,

Tangu mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa hapa Kinangop katika miaka ya 1960, mkokoteni wa punda umekuwa rafiki wa mkulima, na hata leo unafanya kazi kubwa. Lakini siku hizi wengi wetu tumepata pikapu, na nyuma yake tumefunga trela ya magurudumu mawili. Hilo ni jambo jema, kwa maana safari moja hufanya kazi ya safari tatu. Walakini iko hatari moja ambayo wengi hatuijui, nami niliitambua kwa kuponea chupuchupu. Naieleza hapa ili mwenzangu asifundishwe na mwalimu yule yule aliyenifundisha mimi.

Msimu wa viazi uliopita nilipakia trela yangu asubuhi na mapema. Mbele niliweka mikebe minne mikubwa ya maziwa, na nyuma yake magunia 12 ya viazi ya kilo 50 kila moja. Maziwa niliyashusha kwenye kituo cha kupozea maziwa, kisha nikashika barabara ya Engineer kuteremka Naivasha. Kama mjuavyo, uwanda wetu wa Kinangop uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890. Basi huo ni mteremko wa kweli kweli.

Nilikuwa nakwenda kilomita kama 60 kwa saa. Mara nikahisi mkia wa pikapu unavutwa kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena kwa nguvu zaidi. Nikakanyaga breki kwa ghafula, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Trela ilisukuma pikapu kama fahali, kifungio kikaruka, nayo ikavuka barabara peke yake na kugonga ukingo wa udongo upande wa pili. Viazi vilitapakaa mtaroni. Dakika chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimewapita watoto wa shule wakitembea ukingoni mwa barabara hiyo hiyo, upande ule ule. Viazi niliviokota. Lakini watoto wale sijaacha kuwafikiri mpaka leo.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Mimi nililaumu barabara. Fundi wa chuma niliyempelekea trela hakulaumu barabara. Aliitazama mara moja akasema, "Mzee, hii si trela, huu ni mkokoteni wa punda."

Alikuwa na haki. Aliyeitengeneza alikuwa ameweka ekseli katikati kabisa ya sanduku, kama ifanywavyo katika mkokoteni. Kwa punda hilo ni jambo la huruma, kwa kuwa mzigo ukilingana mbele na nyuma ya magurudumu, mgongo wa mnyama haulemewi. Punda naye hutembea polepole, kwa hiyo hakuna hatari. Lakini motokaa si punda. Trela inayokwenda mbio hutaka uzito kidogo ulalie kifungio, ili mkia wake utulie. Uzito ukiwa sawa pande zote mbili, trela huanza kuyumba. Ukizidi upande wa nyuma, ni hatari kubwa.

Sasa fikirini shehena yangu. Maziwa yalipokuwa mbele, mambo yalikuwa nafuu. Nilipoyashusha, uzito wote uliosalia ulikuwa nyuma, na mkono wa trela ukawa unainua mkia wa pikapu badala ya kuulalia. Magurudumu ya nyuma ya pikapu yakapungukiwa na uzito wa kushika barabara. Mimi sikujua, nilifurahi tu kwamba mzigo umekuwa mwepesi.

PIMA KWA MIZANI, USIKISIE

Kanuni ya kukumbuka ni hii: karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa trela na mzigo wake yapasa ilalie kifungio. Trela tupu kama yangu ina kilo 300. Ukipakia magunia 9 ya kilo 50, hizo ni kilo 450, na jumla ni kilo 750. Basi kifungio kipate kilo 75 hivi. Lakini usipite kiasi kilichoandikwa na watengenezaji wa pikapu yako. Kisome katika kitabu chake au kwenye kibao cha kifungio.

Kupima ni rahisi. Weka trela mahali pa tambarare, uzuie magurudumu kwa mawe. Chukua mizani ya kusimamia, ile ya kupimia uzito wa watu, uweke juu yake kipande imara cha mti chenye kimo kile kile cha kifungio cha pikapu, kisha ulaze pua ya trela juu ya mti huo. Soma hesabu. Kama ni ndogo mno, sogeza magunia mbele. Kama ni kubwa mno, yarudishe nyuma. Ukiisha kupata mahali panapofaa, piga alama ya rangi ubavuni mwa sanduku, ili hata kijana wako ajue kupakia.

Na ukishusha sehemu ya mzigo njiani, simama uupange upya ule uliobaki. Dakika kumi za kusogeza magunia si hasara.

KUREKEBISHA EKSELI NA MKONO

Sanduku la trela yangu lina urefu wa sentimita 240, na ekseli ilikuwa sentimita 120 kutoka mbele. Fundi aliirudisha nyuma sentimita 25. Kisha akaondoa mkono wa zamani na kuweka mwingine uliozidi kwa sentimita 30. Hakuunga kipande mbele ya ule wa zamani, maana kiungo kama hicho ndicho huvunjika kwanza. Aliweka chuma kimoja kizima kilichoingia mbali chini ya sanduku. Tulipopakia magunia tisa, yakitandazwa sawasawa, mizani ilionyesha karibu kilo 75.

Mkono mrefu una faida nyingine mbili. Trela hutulia zaidi barabarani, na ukirudi kinyumenyume haikunjiki upesi kiasi cha kugonga pikapu.

Kabla ya kukaza ekseli, pima kwa utepe kutoka pua ya trela mpaka ncha ya kulia ya ekseli, halafu mpaka ncha ya kushoto. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana, trela itakwenda upande kama kaa, na tairi zitalika upesi.

Tazama pia kimo. Trela iliyofungwa yapasa ilale sawa, au iinamie mbele kidogo sana. Kama kifungio cha pikapu kiko juu mno, pua huinuka na uzito hukimbilia nyuma. Mwambie fundi ashushe kifungio mpaka trela ilale sawa.

SPRINGI NA TAIRI

Trela yangu haikuwa na springi. Ekseli ilishikwa na fremu kwa boliti. Kila shimo la barabara lilifika mpaka kwenye kiti cha dereva, na viazi vilifika sokoni vimechubuka. Kiazi kilichochubuka huoza mapema, na mnunuzi anajua hivyo. Tuliweka springi za majani za motokaa ndogo, moja kila upande, zenye nguvu ya kubeba kilo 750 na si zaidi sana. Springi ngumu kupita kiasi hurusha trela iliyo tupu. Zishikwe kwa vishikizo na boliti zake. Usikubali springi yenyewe ichomelewe, kwa sababu moto huharibu chuma chake na baadaye hukatika.

Tairi ziwe za namna moja na kimo kimoja, zenye upepo sawa. Tia grisi katika beringi. Baada ya safari, kisogelee kitovu cha gurudumu kwa mkono taratibu. Kama kimoja kina moto kuliko mwenzake, kuna ubovu. Na kila gurudumu likifunguliwa na kufungwa tena, kaza nati zake mara ya pili baada ya kilomita 50 hivi.

MINYORORO NA BREKI

Kama ningalikuwa na minyororo siku ile, trela isingalivuka barabara. Funga miwili, si mmoja. Ipishane chini ya mkono wa trela, ule wa kulia ushikwe upande wa kushoto wa pikapu na wa kushoto upande wa kulia. Hivyo kifungio kikiruka, pua huangukia juu ya minyororo wala haichimbi barabara. Ishikwe kwenye chuma imara cha pikapu, si kwenye kichwa cha kifungio chenyewe. Iwe na urefu wa kutosha kupiga kona, lakini isiburuzike.

Sasa breki. Kwa pikapu nyingi, trela isiyo na breki haifai kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Siku ile mimi nilitoka nyumbani na zaidi ya kilo 1,100! Anayetaka kupakia zaidi hana budi kuweka breki za trela. Iko namna isiyo na mambo mengi: pikapu ikipunguza mwendo, trela huisukuma kwa mbele, na msukumo huo huvuta fimbo ya chuma inayofunga breki za magurudumu yote mawili. Nunua vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Breki si kitu cha kubuni kwa vyuma vya kuokota. Hata ukiwa na breki, usipite uzito ambao pikapu yako imeruhusiwa kuvuta.

TAA NA SHERIA

Trela huficha taa za pikapu. Kwa hiyo iwe na taa zake za nyuma, za breki na za kuonyesha kona, pamoja na vioo vyekundu vya kurudisha mwanga. Ukungu wa Kinangop mnaufahamu. Anayekuja nyuma yako hana macho ya paka. Waya zifungwe juu, zisiguse barabara.

Tena trela husajiliwa na kuwa na namba yake. Kabla ya kubadilisha ekseli au mkono, uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, juu ya ukaguzi unaotakiwa. Na mtu yeyote asipande juu ya trela, hata kama ni mwendo wa kufika langoni tu.

IKIANZA KUYUMBA

Kama trela yaanza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu kama nilivyofanya mimi, wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, na uache motokaa ipunguze mwendo yenyewe. Ikitulia, simama mahali pa salama uutazame mzigo. Kwenye mteremko ingia na gia ndogo tangu juu. Usingoje kufika katikati.

MAMBO SITA KABLA YA KUONDOKA

1. Kifungio kimefungwa na pini yake imeingia.
2. Minyororo miwili imepishana.
3. Mzigo umekaa penye alama, nao umefungwa kwa kamba.
4. Tairi zina upepo na nati zimekazwa.
5. Taa zote zinawaka. Mtu asimame nyuma azitazame.
6. Umepita polepole mahali pa tambarare na kujaribu breki mara moja.

Sasa nateremka Naivasha na magunia tisa badala ya kumi na mawili. Jirani mmoja aliniuliza kama sioni hasara kuacha magunia matatu nyumbani. Nilimjibu kwamba siku ile ya ajali niliacha mtaroni zaidi ya hayo. Pikapu haivutwi tena mbele na nyuma, mgongo hauniumi nikifika, na viazi vyangu hufika vizima.

Basi mkulima mwenzangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla hujapakia msimu huu, azima mizani kwa jirani, upime pua ya trela yako. Ukikuta mizani haionyeshi kitu, au pua yainuka yenyewe, usiende barabarani. Nenda kwa fundi kwanza. Watoto wa shule wangali wakitembea kando ya barabara ile kila asubuhi.