Je, barafu ya Kusini ndiyo inayojaza Tanganyika?

Kipindi cha mazingira. Studio ya Bujumbura.

(MUZIKI WA KUFUNGUA, sekunde 10, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: 

Wiki iliyopita nilikuwa kambini nikikusanya maswali. Mama mmoja kutoka Uvira, nyumba yake iliingiliwa na maji kabla hata ya vita kumkimbiza. Akaniambia: "Mwanangu, watu wanasema barafu ya mwisho wa dunia inayeyuka, bahari inajaa, na ziwa letu linajaa pamoja nayo. Kama ni hivyo, nirudi kwangu kufanya nini?" Wengi walitikisa kichwa kukubali. Basi leo tumjibu mama, hatua kwa hatua.

Tuanze na barafu yenyewe. Kule Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, barafu imelundikana juu ya nchi kavu, na mahali pengine unene wake unapita kilomita 4. Haijatulia. Uzito wake wenyewe unaisukuma, nayo inateremka polepole kuelekea baharini, kama mto mzito.

Inateremka kwa kasi gani? Hapo ndipo ardhi ya chini yake inapoamua. Fikiria siku ya mvua kambini. Umebeba bidoni ya lita 20 kichwani. Kwenye njia ya changarawe, mguu unashika. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, unajikuta chini na bidoni imepasuka. Barafu ni hivyohivyo. Ikikaa juu ya mwamba mkavu wenye makwaruzo, inakwama. Ikikaa juu ya tope laini lenye maji, inateleza. Maji hayo yanatoka wapi? Joto la ndani ya ardhi, pamoja na msuguano wa barafu ikisogea, huyeyusha sehemu ya chini kidogo kidogo.

(SAUTI: maji yakitiririka, sekunde 4)

Jambo la pili ni umbo la ardhi. Kuna mto wa barafu unaoitwa Thwaites, Antaktika ya Magharibi. Ukubwa wake ni karibu mara 7 ya Burundi nzima. Ardhi iliyoubeba iko chini ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kushuka, kama sakafu ya bakuli. Maji ya bahari yenye uvuguvugu yanapenya chini ya barafu na kuila kutoka mguuni. Ikirudi nyuma, inafika penye kina zaidi, palipo na barafu nene zaidi inayoweza kumwagika baharini. Panapokuwa na kilima chini yake, barafu huegemea hapo na kupunguza mwendo. Ndiyo maana wataalamu hutumia ndege na rada kuchora ramani ya ardhi ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

Na kwa nini bahari inapanda? Wavuvi wanalijua hili. Mtumbwi unaoelea tayari umeshachukua nafasi yake majini. Lakini ukisukuma mtumbwi mwingine kutoka mchangani, maji lazima yaupishe. Barafu inayotoka nchi kavu ni huo mtumbwi wa pili. Barafu yote ya Thwaites ikiisha, bahari duniani itapanda kama sentimita 65. Hiyo haitokei kwa mwaka mmoja wala kumi. Lakini tangu mwaka 1900 bahari imeshapanda kama sentimita 20, na sasa inaongeza karibu milimita 4 kila mwaka.

Kuna habari nyingine ya ardhi hiyo. Ukiinuka kwenye godoro, godoro linapanda. Barafu ikipungua, ardhi iliyokandamizwa nayo inapanda. Karibu na Thwaites, vipimo vilionyesha ardhi ikipanda milimita 41 kwa mwaka. Hiyo inaweza kusaidia barafu kushika tena chini. Lakini kama dunia itaendelea kupata joto, kupanda huko peke yake hakutatosha.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa turudi kwa mama wa Uvira. Je, bahari ndiyo inayojaza Tanganyika? Hapana. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Bahari haiwezi kupanda mlima. Hata barafu ya Rwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, ambayo siku hizi haifiki kilomita moja ya mraba, maji yake huenda upande wa Nili, hayaji kwetu.

Ziwa linajazwa na mvua na mito, Ruzizi ukiwa mmojawapo. Maji hupungua kwa njia mbili: jua linayavuta, na mto Lukuga unayatoa pale Kalemie. Mdomo ni huo mmoja tu. Katika miaka ya 1870 ulikuwa umezibwa na matope na majani. Ziwa likapanda sana. Karibu mwaka 1878 maji yakapasua kizuizi, na kwa muda usiozidi miaka 20 ziwa likashuka karibu mita 10. Unaona, mama? Hapa pia ardhi ya chini ndiyo iliyoamua.

Mvua kubwa za miaka ya karibuni zilileta maji Gatumba mwaka 2020, na mwaka 2024 yakaingia tena mitaa ya chini ya Bujumbura, Uvira na Kalemie. Gatumba ni ardhi tambarare, mchanga na tope lililoletwa na Ruzizi. Mto uliileta ardhi hiyo, na mto unajua njia ya kurudi.

Kwa hiyo, mama, usikate tamaa ya kurudi kwa sababu ya barafu. Lakini siku ya kurudi, kabla ya kuweka tofali la kwanza, uliza wazee na majirani: maji yalifika wapi mwaka 2021? Na 2024? Angalia alama ukutani. Jenga juu ya alama hiyo, hata kama kiwanja cha chini ni cha bei nafuu.

Na barafu bado inatuhusu. Bidhaa nyingi zinazoingia Burundi hushukia bandari ya Dar es Salaam. Bahari ikisumbua bandari, sokoni kwetu pia tutajua.

Kama una swali, mwachie msikilizaji kiongozi wa kundi lako, nasi tutalijibu. Kwaherini, mlale salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA)