Mboga Zetu Zisife kwa Maji

Akina mama wengi wa Unguja tunaujua uchungu huu. Mwezi wa Machi tunapanda nyanya na bilingani nyuma ya nyumba. Miche inashika vizuri na kuanza kutoa maua. Masika yakikolea mwezi wa Aprili, majani yanageuka manjano kuanzia chini, na mchana shina linainama kama lenye kiu. Kwetu nyumbani ilitokea hivyo hivyo, nasi tukakimbilia ndoo, tukaongeza maji jioni ambayo mvua haikunyesha. Baada ya wiki moja tuta zima lilikuwa limekufa. Tulipong'oa mashina tuliikuta mizizi laini, ya rangi ya kahawia, inanuka uvundo. Nyanya zetu hazikuwa na kiu. Zilikuwa zimezama.

Hasara hii si ndogo. Mbegu na samadi tulinunua, watoto walichota maji na kupalilia, na fedha tuliyotaka kuiokoa ikarudi sokoni Darajani.

Mizizi nayo hupumua

Udongo mzuri una vijitundu vingi. Baadhi hushika maji na vingine hushika hewa. Maji yakituama, yanaifukuza hewa yote, na mizizi inakosa pumzi. Mizizi iliyokosa hewa haiwezi kuvuta maji, ndiyo maana mmea hunyauka huku umesimama ndani ya dimbwi. Kisha huja magonjwa ya kuoza, nayo hupenda sana udongo uliolowa daima.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mabonde ya kinamo, kama ya Cheju na Mtwango, waliyaachia mpunga, kwa kuwa mpunga una njia za kupitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini. Nyanya, pilipili, bilingani na mchicha hazina uwezo huo.

Ujue udongo wako

Kabla ya kupanda, lowesha udongo kidogo na uukamate mkononi. Kinamo hunata, huteleza kama sabuni, na jua likiwaka hupasuka nyufa. Huo ndio unaotuamisha maji. Kinongo, udongo mwekundu au wa kahawia wenye kina, hupitisha maji kwa kiasi kizuri. Kichanga hupitisha maji upesi mno pamoja na chakula cha mmea. Wenzetu wa maweni, kama Makunduchi na Jambiani, udongo wao ni haba juu ya mawe, nao shida yao ni kukauka zaidi kuliko kutuama.

Ukitaka hakika, chimba shimo la futi moja upana na futi moja kina. Lijaze maji na uyaache yazame. Lijaze tena, simamisha kijiti ndani yake, na utie alama maji yalipofika. Baada ya saa moja pima yameshuka kiasi gani. Yakishuka sentimita 3 hadi 8, shukuru. Yakishuka chini ya sentimita 2, bustani yako inahitaji msaada. Na kama shimo linajaa lenyewe bila kutiwa maji, ujue maji ya ardhini yako karibu, na dawa yake ni kuinua matuta tu.

Mambo ya kufanya

1. Inua matuta. Tuta liwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30 kwenda juu, na upana wa mita moja, ili uweze kupalilia kutoka kila upande bila kulikanyaga. Udongo uliokanyagwa hufunga vijitundu vyake.

2. Yape maji njia. Maji hufuata mkondo. Chimba mfereji kati ya matuta, wenye mteremko mdogo. Mteremko ukiwa mkali, maji yatabeba udongo wako wote. Usiyaelekeze maji kisimani, wala uani kwa jirani. Ugomvi wa maji ya mvua huanza kwa mfereji mmoja tu, na kuwapatanisha majirani ni kazi kuliko kuchimba mwingine.

3. Tia mboji. Majani makavu, maganda ya ndizi na samadi iliyooza vizuri hufungua kinamo kipate hewa, na hukisaidia kichanga kishike maji. Usijaribu kukilainisha kinamo kwa mchanga kidogo. Vikichanganyika vinaweza kuwa vigumu kama tofali.

4. Usilime kinamo kikiwa kimelowa. Ukikigeuza na kukikanyaga wakati huo, kitaganda mabonge. Subiri mpaka kibonge ulichokifinyanga kivunjike ukikibonyeza kwa kidole.

5. Panda kwa busara. Pembe iliyo chini isiyokauka uwape majimbi, yanayopenda majimaji. Nyanya na pilipili zikae juu ya matuta.

Walio Mji Mkongwe

Mwenye ua mdogo wa sakafu hulima katika ndoo, madebe na vyungu. Chombo kisicho na tundu chini ni kaburi la mboga. Toboa matundu manne au matano, na ukiinue chombo juu ya vipande vya tofali ili maji yapate kutoka. Wengi tulifundishwa kuweka kokoto chini ya chombo. Haisaidii, kwani maji husimama juu ya zile kokoto, na mizizi inabaki na udongo mchache. Afadhali ujaze udongo uliochanganywa na mboji hadi chini.

Tena, usiegemeze vyombo wala tuta ukutani. Kuta za nyumba zetu za mawe na chokaa hunywa maji, na unyevu wa kila siku huzilegeza.

Neno la afya

Wanaokaa bondeni, ambako maji ya masika huchanganyika na ya vyooni, wasile mbichi mboga iliyofikiwa na maji hayo. Nyanya au tango lililolowa maji ya mafuriko ni heri kulitupa kuliko kumpa mtoto. Na madimbwi yaliyobaki tuyafukie, kwani ndimo mbu wanamozaliana.

Akina mama, kazi hii haingoji mvua. Mwezi wa Februari, ardhi ingali kavu, shika jembe, pima shimo lako, inua matuta na uchimbe mfereji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na siku ukiona mmea umenyauka, kabla ya kuinua ndoo tia kidole udongoni. Kikitoka na tope, usiongeze hata kikombe kimoja.